Hijabu ya Jua

Kanisani kwetu Kitui, ukirudi kutoka kaskazini unapewa maikrofoni. Hakuna anayekuuliza kama unataka. Mchungaji anakuona umejificha safu ya nyuma, anasema, "Tunaye mwalimu wetu, Bwana amemtoa tundu la simba," na kabla hujameza mate uko mbele, watu wanasema amina. Nimesimama pale Desemba tatu mfululizo, na mara zote tatu nilisema uongo kidogo. Sikutunga jambo. Niliacha jambo. Nilisema Mungu amenilinda Griftu. Sikusema alimtumia nani.

Nataka kuandika kuhusu filamu, na nitafika. Lakini ujue mapema kwamba siandiki kama mtu aliyeitazama kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Niliitazama Griftu, makao ya Wajir Magharibi, mwaka 2018, kwenye kompyuta ya mwenzangu iliyokuwa imebakisha chaji ya kama saa moja. Tulikuwa walimu watano chumbani: wanne sisi wa kutoka chini (wenyeji wa huko husema "Kenya" wakimaanisha huku kwetu, na ukikaa mwaka mmoja utaacha kucheka) na mmoja mzaliwa wa pale pale. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nje punda walikuwa wakivuta mikokoteni ya maji.

Filamu ni Watu Wote, ya mwaka 2017. Ina dakika 22 tu. Ni kazi ya kuhitimu ya wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani, iliyoongozwa na Katja Benrath, na waigizaji wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Ilipata tuzo ya Oscar ya wanafunzi, kisha ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe upande wa filamu fupi, na Machi 2018 ikashindwa na The Silent Child ya Uingereza. Nairobi ilishangilia ule uteuzi kwa siku mbili hivi, halafu tukaendelea na mambo yetu, kama kawaida.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Wavamizi waliwataka abiria wajitenge, Waislamu huku, wengine kule. Waislamu wakakataa. Wakawaambia wavamizi kama ni kuua waue wote, la sivyo wawaache. Ndani ya basi, wanawake walikuwa wameshawagawia Wakristo hijabu. Mmoja wa waliogoma kujitenga, Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi Mandera, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi.

Benrath na mwandishi wake hawakuchagua kumweka Salah katikati. Walimweka mwanamke Mkristo, Jua, anayeigizwa na Adelyne Wairimu, na huo ndio uamuzi bora zaidi wa filamu hii na pia chanzo cha udhaifu wake. Ni bora kwa sababu tunaingia ndani ya basi tukiwa na hofu yake. Jua hawaamini watu aliokaa nao. Amebeba msiba uliotoka kwa hao hao wenye bunduki, na kwake kila mtu mwenye kanzu ni jamaa yao. Wairimu anaigiza hofu hii bila kelele. Anaibana mabegani. Ukishawahi kupanda basi la Wajir pale Islii ukiwa mgeni, utazijua hizo bega. Mimi nilizibeba kutoka Islii hadi daraja la Tana, nikazibeba Garissa hadi Modogashe hadi Habaswein, na mama aliyeketi kando yangu alipoona nimekataa tende zake mara ya pili, akazila mwenyewe akiangalia dirishani. Hiyo ilikuwa Januari 2017. Bado naona haya.

Lakini udhaifu nao uko hapo hapo. Jua ni Mkristo, sawa. Tunaujua Ukristo wake kwa hatari uliomletea kuliko kwa kitu kingine chochote. Ni kama kile kitambulisho ambacho mtu akikisoma jina tu anakujua ni wa kufa au wa kupona. Imani ya Salah ina mwili: inaongea, inabishana, inasimama mbele ya bunduki na kutumia maneno yake yenyewe. Abdiwali Farrah anamwigiza kama mwalimu hasa, yaani mtu aliyezoea kueleza jambo kwa subira hata kwa asiyetaka kuelewa. Imani ya Jua iko wapi? Anamwomba nani usiku? Anamwambia nini? Msiba ulipompata alikasirika na watu peke yao, ama alikasirika pia na Mungu? Filamu haina haja na hayo. Inamhitaji aokolewe, basi.

Unaweza kuniambia dakika 22 ni chache. Kweli. Lakini dakika hizo hizo zimetosha kumpa Salah dini yenye uzito. Nadhani tatizo ni lingine. Waliotengeneza filamu walijua vizuri kwamba dunia imechoka kuona Mwislamu akiwa muuaji, wakafanya kazi nzuri sana ya kuturekebishia hilo. Wakasahau kwamba kuna swali upande wa pili pia, na si dogo: Mkristo anayeokolewa namna hii, imani yake inabaki vile vile?

Nakuja kwenye hijabu.

Kuna wakati hofu imeshaingia ndani ya basi, na mwanamke wa Kiislamu anamfunika Jua. Inapita haraka. Mwongozaji ana haraka ya kufika nje, kwenye bunduki na mabishano. Pale chumbani Griftu tulimwambia mwenye kompyuta arudishe nyuma. Akarudisha. Tukaangalia tena. Kwa sababu kwetu hilo halikuwa tukio la sekunde chache. Lilikuwa ugomvi wetu wa karibu mwaka mzima.

Tulikuwa tukikutana Jumapili, watu wanne au watano, chumbani kwa mmoja wetu. Kengele hakuna, ngoma hakuna, tunaimba kwa sauti ya chini, mmoja anasoma neno, tunaombeana, tunakunywa chai. Mwenye nyumba wangu, mama wa watoto sita, alijua kabisa tunachofanya, na Jumapili alikuwa akiwazuia watoto wasije kupiga kelele upande ule. Sasa mwisho wa muhula mmoja, nikipanga begi, aliingia na hijabu nyeusi iliyokunjwa vizuri, inanukia uunsi, ule ubani wao. Akasema, "Mwalimu, weka hii chini ya begi. Si ya kuvaa. Ni ya njia."

Niliiweka. Na Jumapili iliyofuata nilipowaambia wenzangu, kulizuka moto.

Mmoja wetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye msimamo kama chuma, alisema waziwazi kwamba kuivaa ni kumkana Kristo. Akamtaja Petro akiota moto uani kwa kuhani mkuu, akiulizwa na kijakazi kama hakuwa pamoja na yule Mgalilaya. Akatukumbusha Garissa. Kila mtu akanyamaza, kwa sababu Garissa haitajwi ovyo. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, wanafunzi wa chuo kikuu waliuawa, na wa kwanza wao wakiwa kwenye maombi yao ya asubuhi. Siku hiyo walikufa watu 148. "Hao hawakujifunika," alisema. "Sisi tutasema nini tukikutana nao?"

Sikuwa na jibu. Wiki nzima sikuwa nalo. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha pili, nasahihisha insha, na kichwani mna Petro. Ndipo nikakumbuka Obadia, yule mkuu wa nyumba ya Ahabu ambaye katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme aliwaficha manabii mia moja pangoni, hamsini hamsini, akiwapelekea mkate na maji. Tunamsifu Eliya kwa moto wa Karmeli. Hakuna mhubiri niliyewahi kumsikia akiwaita wale mia moja waoga. Hata majina hawana. Wamefichwa, wamelishwa, wameishi. Jumapili iliyofuata nikalitoa hilo, mwalimu wa hesabu akalifikiria kwa haki, akasema, "Ila Obadia alimwogopa Bwana. Wewe unafichwa na asiyeamini unachoamini." Nikamwuliza kama mkate wa pangoni ulikuwa na dini. Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Ndio maana nasema Watu Wote inapita haraka mahali pasipofaa. Mle ndani ya kile kitambaa mna swali lote. Jua anayechukia anaguswa kichwani na mikono ya yule anayemwogopa. Hawezi kukataa. Hana muda wa kuuliza kama ni halali. Kwa mtu wa imani, hiyo ni sala iliyojibiwa kwa njia ambayo yeye mwenyewe angeikataa kama angepewa nafasi ya kuchagua. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi ya hilo katika maisha ya kumtegemea Mungu. Kuomba tunaweza, tumefundishwa tangu Shule ya Jumapili. Kupokea kutoka mkono tusioupenda, nani alitufundisha?

Nilivyolelewa mimi, kumtegemea Mungu kulikuwa Zaburi ya 91. Mamangu aliniandikia kwa mkono kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya kava ya simu. Watu wengi wa rika langu mjini wana kitu kama hicho, hata kama siku hizi ni picha ya kwenye WhatsApp saa kumi na moja alfajiri. Siidharau. Lakini kaskazini inakuuliza swali moja ambalo huwezi kulikwepa. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya basi la Salah, tarehe 22 Novemba 2014, kulikuwa na basi lingine. Lilitoka Mandera kwenda Nairobi. Abiria walitenganishwa, na watu 28 wakauawa kando ya barabara. Kati yao walikuwemo walimu waliokuwa wanaenda nyumbani likizo, walimu kama mimi. Unafikiri hawakuwa na Zaburi mifukoni? Unafikiri hakuna mama aliyewaandikia?

Filamu haina basi la 2014, na nafikiri ingekuwa filamu kubwa zaidi kama lingekuwepo, hata kwa sentensi moja. Kwa sababu kilichotokea 2015 hakikuanguka kutoka mbinguni. Wale abiria walijua kilichotokea 2014. Wenyeji wote walijua. Walikuwa wamebeba aibu na hasira ya mwaka mzima, wameona shule zikikosa walimu baada ya sisi watu wa chini kukataa kurudi, wamesikia wakiitwa magaidi kwenye matatu Nairobi. Walipokataa kujitenga hawakuwa malaika wa ghafla. Walikuwa watu waliokuwa wameshafikiria. Hata kabla ya hapo, Julai 2012, makanisa mawili ya Garissa yaliposhambuliwa Jumapili na watu 17 wakauawa, viongozi wa Kiislamu walikubaliana kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Ujasiri wa ndani ya basi ulikuwa na mazoezi nyuma yake. Watu Wote inauonyesha kama muujiza, na muujiza ni mzuri kwa Oscar, lakini unamnyima Salah akili yake.

Yule mwenzetu mzaliwa wa pale, filamu ilipoisha na sisi tunapangusa macho, alikuwa kimya. Kisha akasema, "Nzuri. Lakini sisi kutenganishwa tulianza kitambo." Akaonyesha kwa kidole upande wa mashariki, upande wa mji wa Wajir.

Nilielewa baadaye. Kiwanja cha ndege cha Wagalla kiko magharibi mwa mji wa Wajir, upande wetu huu wa Griftu. Februari 1984 wanajeshi wa serikali walikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka sehemu nyingi za Wajir, wakawatenga na koo nyingine, wakawafungia kwenye kiwanja hicho kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wakawaua. Kwa miaka mingi serikali ilisema walikufa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitaja karibu 1,000. Wenyeji wanataja maelfu. Judy Kibinge alitengeneza filamu kuhusu hilo mwaka 2015, Scarred: The Anatomy of a Massacre, na kama una jioni moja tu ya kuzitazama, itazame hiyo kwanza, halafu Watu Wote. Ukifuata mpangilio huo utapata filamu mbili tofauti kabisa. Kibinge hana haraka. Anakaa na wazee, anawaacha wanyamaze. Hakuna basi, hakuna mwisho wenye kufuta machozi.

Sasa fikiria. Mimi Jua nimeketi ndani ya basi nikiogopa kanzu za watu. Na wenye kanzu, wazee wao walitenganishwa na kuuawa na watu wenye sare za serikali ya kwangu, wengi wao, naamini, wenye majina kama ya watu wa kanisani kwetu. Ni nani ana haki ya kumwogopa mwenzake? Hilo halikunijia kama fikra nzuri. Lilinijia kama kofi. Mwenye nyumba wangu alinipa chumba mwaka 2017 bila kuuliza zaidi ya kama natumia maziwa ya ngamia. Mimi nilikuwa nikimshukuru Mungu kila usiku kwa kunipa ujasiri wa kuishi kwao. Haikunipitia kichwani kwamba na yeye huenda alihitaji ujasiri wa kuishi na mimi.

Wakristo wanaopenda masimulizi ya kaskazini wana jina moja ambalo wangelijua, lakini mjini nimekutana na wachache wanaolijua: Annalena Tonelli. Mwitaliano, mwanasheria kwa masomo, si mtawa. Alifika Kenya mwaka 1969, akaishia Wajir, akitibu kifua kikuu kwa wafugaji wanaohamahama. Wakati wa Wagalla alisaidia kuokota majeruhi na maiti, na kupeleka habari nje. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Akaendelea na kazi hiyo hiyo kwa Wasomali wa upande mwingine wa mpaka. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen ya wahudumu wa wakimbizi, na Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi Borama, penye hospitali yake.

Kuna ushuhuda alioutoa Roma mwaka 2001, na nausoma kila mwaka. Sitaunukuu, utafute. Ninautaja kwa sababu ndio ushuhuda wa kwanza kuusoma ambao msemaji hakuwa shujaa wa habari yake. Hasemi Mungu alimtoa tundu la simba. Anasimulia zaidi kuhusu wagonjwa wake, na jinsi Waislamu aliowahudumia walivyomfundisha mambo ya imani ambayo yeye hakuwa nayo. Kwa mtu aliyezoea maikrofoni ya Kitui, ni maandishi ya kutisha. Miaka miwili baadaye aliuawa. Zaburi ya 91 ya kwenye kava ya simu ingesema nini hapo? Ingesema alikosa imani? Hakuna mtu mwenye aibu anayeweza kulisema hilo.

Kwa hiyo nilianza kuomba tofauti. Sikuwa mtakatifu, usidhani. Nilikuwa na uvivu wa sala kama wewe, na siku za joto kali nilikuwa namaliza kwa sentensi mbili. Lakini niliacha kuomba ukuta. Nilianza kuomba macho, nione mkate unaletwa pangoni na nani. Na ukishaanza kuangalia, unaona mengi ya kijinga: mzee wa duka ananiandikia deni la unga wakati mshahara umechelewa, na daftari lake hana haraka nalo. Kijana wa bodaboda anakataa kunipeleka njia fulani jioni fulani, hasemi kwa nini, ananiambia tu, "Abaayo, kesho." Wanafunzi wangu wasichana wananifundisha kufunga mtandio usianguke kwa upepo. Sijui ni lipi kati ya hayo liliniokoa. Labda hakuna. Labda yote.

Ningetaka kukuambia kwamba filamu ilikuwa na haki mwishowe, kwamba watu wote wakasimama pamoja. Tarehe 6 Desemba 2019 nilikuwa nyumbani Kitui likizo. Basi lilisimamishwa kwenye barabara ya Wajir kwenda Mandera, abiria wasiokuwa wenyeji wakatengwa na kuuawa, wakiwemo maafisa wa polisi. Hakukuwa na Salah, au kama alikuwepo hakupata nafasi. Simu yangu ililia usiku kucha. Mchungaji alikuja nyumbani kuniambia ni ishara nisirudi. Mwalimu wa hesabu alinipigia. Nilidhani atasema yale yale. Akaniuliza, "Ile hijabu bado unayo?"

Nilirudi Januari 2020. Watu wameniuliza kama ilikuwa imani au ukaidi. Nilikuwa na kidato cha nne wa kumaliza silabasi, na nilikuwa nimeogopa kiasi cha kutapika pale Mwingi basi lilipotua. Sasa hiyo uipe jina unalotaka. Nilikaa tena kando ya mama mmoja, akanipa tende, nikazila zote.

Haikuchukua hata wiki mbili. Tarehe 13 Januari walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo TSC ikaanza kuwahamisha walimu wasio wenyeji. Barua yangu nayo ikaja. Darasa langu la kidato cha nne likabaki bila mwalimu wa Kiswahili, na hilo hakuna filamu itakayolionyesha, kwa sababu halina bunduki ndani yake. Msichana mmoja aliniuliza kama wataletewa mwingine. Nikamwambia ndiyo. Ule ni uongo mwingine ambao sijautubu vizuri.

Hapo ndipo ningetaka Watu Wote ianzie. Basi limepona. Jua ameshuka. Kichwani ana kitambaa cha mtu ambaye hata jina lake labda hakulishika. Kesho yake asubuhi anaamka nyumbani kwa jamaa zake, na kile kitambaa kiko kwenye kiti. Anafanya nini nacho? Anakirudisha kwa nani? Akipiga magoti kuomba, anaanza na neno gani? Benrath anatuaga kabla ya hilo, na sikatai, kila mtu ana haki ya kuchagua mwisho wake. Mimi ningekuwa na kamera ningeiwasha hapo.

Asubuhi ya kuondoka Griftu niliifua ile hijabu. Nikaianika kwenye waya, ikakauka kabla sijamaliza kunywa chai, jua la kule unalijua. Nikaikunja kama nilivyoikuta siku ya kwanza na kumpelekea mwenye nyumba jikoni alipokuwa akigeuza anjera. Nilikuwa nimeandaa maneno, ya Kiswahili na machache ya Kisomali. Aliichukua kabla sijayasema, akaifungua, akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Umetumia sabuni gani, mwalimu?"

Nikamtajia.

"Imepauka," akasema. Akaigeuza upande wa pili, akanusa, akatikisa kichwa. Kisha akamwita binti yake mdogo, akamfunika nayo, akaivuta kidevuni ikae sawa, akamwambia akimbie dugsi amechelewa. Nje Probox ilikuwa ikipiga honi. Akaniambia nikae, anjera ya pili inaiva.